Tozo ya Kila Siku

Adelaide, 2 Septemba 2024

Dada Enid,

Soksi zimefika na zimenienea. Huku joto linaanza kubisha hodi, nami nimevaa sufu ya kondoo wa kwetu hadi magotini, majirani wanadhani nimechanganyikiwa.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya soksi. Nakuandikia kwa ajili ya karatasi uliyozifungia. Dada, umenifungia soksi kwa bili ya umeme! Nimeikunjua, nimeinyoosha kwa kiganja, nimevaa miwani. La kwanza nililoliona ni jina: Bwana Emrys Pugh. Shemeji ana miaka miwili kaburini na bado anaandikiwa bili. Nilicheka, nikaona si vizuri kucheka, kisha nikacheka tena, maana namkumbuka alivyokuwa mkono wa birika. Angejua anaendelea kudaiwa angefufuka.

La pili ni kwamba hao jamaa wanakunyonya. Sikiliza nikueleze, ni rahisi. Kwenye umeme unalipa vitu viwili. Kuna bei ya yuniti, yaani ule umeme unaoutumia. Na kuna tozo ya kila siku, hiyo unalipa hata ukizima kila kitu ukalala gizani, mradi tu waya umeingia nyumbani kwako. Nimeangalia mtandaoni makampuni yote yanayouza umeme huko kwenu. Ipo moja ambayo yuniti yake ni rahisi kuliko hii yako ya mchana, tena kwa karibu robo, na tozo yake ya kila siku ni ndogo pia. Siku hizi watu wanahama kampuni kama wanavyobadili shati. Wewe unangoja nini?

Nipe ruhusa nikuhamishe. Nitafanya yote kutoka hapa. Ningekupigia simu, ila wewe na simu hamuelewani. Mara ya mwisho nilikuuliza habari ya presha ukanijibu habari ya paka wa jirani yako Menna.

Ndugu yako,
Gwilym


Cwm Bedwen, 15 Septemba 2024

Gwil mdogo wangu,

Wewe hujaacha tu. Ulipokuwa na miaka sita ulikuwa unahesabu njegere kwenye sahani ya kila mtu ujue nani kapendelewa. Sasa umehamia kwenye sahani yangu ya umeme.

Kwanza nikwambie kwamba ile bili sikuifungia soksi kwa bahati mbaya. Hukuja kumzika Emrys. Sikulaumu, najua ulikuwa umelazwa, lakini hukuja. Nikasema basi, yeye asiyeagwa na shemeji yake, walau jina lake lifike huko.

Nilipofiwa nilitoa taarifa kila mahali. Benki, kwa daktari, kanisani, maktaba. Umeme niliwaacha makusudi. Barua nyingine zote zinazoingia hapa ni zangu peke yangu. Hiyo moja inaanguka mlangoni kwa jina lake, naiokota, naiweka kwenye kiti chake mpaka jioni, ndipo naifungua. Haya, cheka.

Halafu wewe huijui nyumba hii inavyoishi. Uliondoka tukiwa bado tunachoma makaa. Emrys alipoacha kazi machimboni aliziba bomba la moshi akaweka hita za matofali. Ni masanduku ukutani, na ndani yake yamepangwa matofali mazito. Usiku, umeme unapouzwa rahisi, matofali yanakula moto hadi yanashiba. Kukicha yanaacha kula, yanautoa ule moto polepole siku nzima. Ndiyo maana mimi nafua nguo usiku wa manane kama mchawi. Emrys kila asubuhi alikuwa anapapasa ubavu wa hita kama anapapasa ng'ombe, aone kama ameshiba. Sasa napapasa mimi.

Kwa hiyo waache wanipunje kidogo, nimewazoea. Lakini kama jambo hili linakunyima usingizi, fanya. Tumebaki wawili tu, sitaki tukosane kwa ajili ya waya. Ila bili ije kwa karatasi. Ya kwenye simu siitaki.

Dada yako,
Enid


Adelaide, 30 Septemba 2024

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa. Kuhusu Emrys sina la kujitetea. Hospitali waliniruhusu siku mbili kabla ya mazishi, ningeweza kujikokota hadi uwanja wa ndege. Niliogopa. Basi.

Ndiyo maana nakuomba uniache nikufanyie hili. Miaka arobaini na sita niko huku na sijawahi kukusaidia hata kubeba ndoo ya makaa. Nimeshasaini. Mkataba ni wa miaka miwili, bei haipandi hata dunia ipinduke. Bili itakuja kwa karatasi, kwa jina lako. Fundi atakuja kubadilisha mita, na hiyo mpya itanionyesha mimi kwenye simu umetumia kiasi gani kila siku. Nitakuwa kama niko hapo jikoni.

Hadithi ya matofali yanayokula usiku nimeicheka sana. Huyo ni Emrys kabisa! Lakini hayo ni mambo ya zamani, dada. Kampuni hii bei yake ni moja saa zote. Sasa utafua mchana kama binadamu wengine, na usiku utalala.

Ndugu yako,
Gwilym


Cwm Bedwen, 4 Novemba 2024

Gwil mpendwa,

Mita imefungwa. Fundi alikuwa na haraka, chai aliiacha nusu. Ameniachia na kidude kidogo cha kuweka mezani, kina taa. Nikitumia umeme kidogo ni kijani, nikizidisha ni manjano, nikiharibu kabisa ni nyekundu. Nimekivika kofia ya sufu ya birika la chai maana kinanikodolea macho nikila.

Bili ya kwanza imekuja kwa jina langu. Imependeza. Umefanya vizuri, mdogo wangu, nakushukuru kwa moyo wote. Nafua mchana, majirani wananiona nikianika, wanadhani nimeokoka upya.

Siku hizi nashinda maktaba. Wana viti vizuri na wanatupa supu siku ya Jumatano.

Dada yako,
Enid


Cwm Bedwen, 4 Novemba 2024

Menna wangu,

Mjukuu hajambo? Mwambie binti yako asimfunike sana, mtoto wa Cardiff hajui baridi. Paka wako yupo, ananenepa.

Nakwambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu. Gwil ameniharibia. Hajui, na hatajua. Kampuni aliyonihamishia haina bei ya usiku. Yule fundi naye ameziunga hita na waya wa kawaida, kwa hiyo matofali yanakula mchana na usiku, tena kwa bei inayozidi maradufu ile ya Emrys. Nilidhani nimezeeka sioni vizuri, nikampelekea bili yule dada wa maktaba. Akawapigia simu. Wakasema ndivyo mkataba ulivyo, na nikitaka kutoka kabla ya miaka miwili kuna faini. Bili ya mwezi mmoja, Menna, ni zaidi ya ile tuliyokuwa tunalipa majira mazima ya baridi.

Nimezizima hita. Zote. Bado nina blanketi na koti la Emrys la machimboni, na maktaba wanafungua saa tatu.

Usimwandikie. Nakuapisha. Hujaona alivyoandika, "niache nikufanyie hili". Mtu wa miaka sabini anaomba kama mtoto. Nikimwambia kwamba hata hili kaliharibu, hatanifanyia tena lolote, nami nitakuwa sina ndugu bali mtu wa kuniomba radhi tu.

Enid


Adelaide, 22 Novemba 2024

Dada Enid, bingwa wa taifa!

Leo nimekunywa bia kwa heshima yako. Kila asubuhi nafungua simu naangalia grafu yako, mstari mmoja kwa kila siku. Wiki za kwanza nilitishika, mistari mirefu kama minara. Nikajiuliza huyu mwanamke anachomelea vyuma? Halafu ghafla imeshuka. Imeshuka, imeshuka, sasa ni vijistari tu. Nimemwonyesha mpaka daktari wangu wa meno. Nimemwambia huyo ni dada yangu, ana miaka sabini na minane, ameelewa umeme kuliko wabunge.

Kidude chako kiache kijani hivyohivyo. Usikilegezee.

Na hiyo maktaba vipi? Kila siku maktaba, maktaba. Jina lake nani? Ana nywele? Niambie mapema nijue kama nitahitaji suti.

Ndugu yako anayejivuna,
Gwilym


Cardiff, 26 Novemba 2024

Enid,

Wewe ni mpumbavu, na nakwambia kwa mapenzi. Washa hita. Washa hata moja, ile ya chumba cha kulala. Umeugua kifua mwaka juzi, umesahau? Bwana mkubwa huko Australia amekaa na kaptura, wewe unaganda ili yeye ajisikie vizuri! Mwambie. Ni mtu mzima, atakasirika, atalia, atarekebisha. Usipomwambia mpaka Desemba iingie, nitamwandikia mimi, kiapo au si kiapo.

Ningekuja leo, lakini binti yangu amerudishwa hospitali na mtoto nimebaki naye mimi.

Menna


Cwm Bedwen, 3 Desemba 2024

Menna mwenye makelele,

Tulia. Nimeshamwambia. Alikasirika, alilia, amerekebisha, kama ulivyotabiri, uwe mganga sasa. Wamerudisha bei ya usiku. Hita zinawaka. Ninapoandika hapa nimevua mpaka sweta.

Mlee huyo mtoto. Usihangaike na mimi.

Enid


Cwm Bedwen, 11 Desemba 2024

Gwil mpendwa,

Nywele anazo, tena nyingi, ila ni mwanamke na ana miaka thelathini. Suti yako iache kabatini.

Umenichekesha na daktari wako wa meno. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sijawahi kusifiwa kwa jambo lolote la hesabu tangu nizaliwe. Mama alikuwa anakusifu wewe.

Nimehamishia kitanda jikoni, ngazi zinanichosha. Nikipika supu ya kondoo chumba chote kinanukia na kupata mvuke, nalala vizuri. Maktaba watafunga kwa Krismasi na Mwaka Mpya, nitasoma nyumbani. Samahani kwa mwandiko, nimevaa glavu, ile tabia yangu ya kizee.

Unakumbuka tulivyokuwa tunalala watatu kitanda kimoja, wewe katikati, na asubuhi dirisha limeganda kwa ndani tunachora kwa kucha? Uliwahi kuchora meli. Ulisema ndiyo utakayopanda. Nimeikumbuka leo asubuhi.

Kikohozi kidogo. Si kitu.

Dada yako anayekupenda,
Enid


Adelaide, 4 Januari 2025

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Huku ni moto, nimelala bafuni kwenye vigae.

Nina habari. Nimekata tiketi! Aprili, wiki tatu. Nataka kukaa jikoni kwako nile mkate wa zabibu kavu, nataka unipeleke kwa Emrys nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Nimesubiri mno.

Grafu yako sasa imelala kabisa. Tangu Krismasi ni mstari mdogo mmoja, uleule kila siku, nadhani ni friji tu. Nimejua uko Cardiff kwa Menna, unabembeleza mtoto. Vizuri, umestahili kupumzika. Ukirudi utakuta bili ndogo kuliko zote, tozo ya kila siku na mabaki ya friji. Ninajivunia sana wewe, dada. Sikumbuki kama nimewahi kukwambia hivyo tukiwa ana kwa ana.

Tuonane Aprili.
Gwilym


Cwm Bedwen, 20 Januari 2025

Bwana Gwilym,

Nimekuwekea barua hii juu ya meza ya jikoni kwa dada yako uikute ukifika kwa mazishi. Sikutaka kukwambia mbele ya watu, na kwenye simu nilikwambia nusu tu, kwamba amefariki kwa kichomi. Nusu nyingine ni hii.

Nilirudi kutoka Cardiff tarehe kumi Januari. Nilimkuta jikoni, kitandani, amevaa koti la Emrys juu ya makoti mengine mawili. Nyumba ilikuwa na baridi kuliko uani. Hita zilikuwa zimezimwa tangu Novemba. Kampuni uliyomhamishia haiuzi umeme wa usiku kwa bei nafuu, na hita zile bila bei ya usiku hazilipiki. Aliligundua hilo mara tu bili ya kwanza ilipofika. Aliniapisha nisikwambie. Nilitishia kukwambia, akanidanganya kwamba umerekebisha, nami nikaamini kwa sababu ilinifaa kuamini. Kwa hiyo sikuandikii nikiwa nimenyoosha kidole. Nikikinyoosha kitanirudia.

Gari la wagonjwa lilipokuwa linakuja, mtu wa posta alileta barua yako ya mwaka mpya. Enid aliniomba nimsomee. Sauti yake ilikuwa imekwisha lakini sikio aliliweka karibu. Nilipofika pale uliposema unajivunia yeye, akanishika mkono nirudie. Nikarudia. Kuhusu friji sikumsomea.

Alininong'oneza, "Usimwambie, Menna. Anakuja Aprili." Sijaweza kumtii. Mtu akipendwa kiasi hicho lazima ajue amependwa.

Nimewasha hita zote leo ili usiingie kwenye baridi. Bili nitalipa mimi.

Menna Probert


Cwm Bedwen, 27 Februari 2025

Dada Enid,

Nakuandikia kutoka jikoni kwako. Najua. Lakini tumezoea barua, na simu hata ulipokuwa hai hukuisikia.

Nimekuzika pembeni ya Emrys. Nilimwomba radhi kama nilivyoahidi, ila maneno niliyokuwa nimeyaandaa ya Aprili hayakutosha tena.

Nimezisoma barua zako zote, nilikuja nazo. Ya Septemba ulinieleza kila kitu. Matofali yanakula usiku, umeme unapouzwa rahisi. Ulieleza kwa maneno mepesi ambayo mtoto angeelewa. Mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshikilia bei ya mchana kwenye bili, na ile ya usiku ilikuwa chini yake, mstari wa pili, kwenye karatasi ileile ya soksi. Niliiona. Nilidhani haikuhusu, maana nani anatumia umeme usiku? Na Desemba nilitazama grafu ikilala, mimi niliyezaliwa kwenye nyumba hii, niliyechora meli kwenye barafu ya dirisha, na sikujiuliza mtu anapataje joto kwa mstari mdogo namna ile. Nilikuwa nimesahau baridi. Miaka arobaini na sita ya jua imeniosha nikasahau, dada. Nilikuwa nakutazama ukifa nikaupigia makofi mstari.

Ungekuwa karibu ungenikaripia kwa kulia juu ya karatasi. Nalia tu.

Na Menna tunasameheana kidogokidogo. Ananiletea supu, ananiita "bwana mkubwa", hilo nalichukua kama dalili njema. Faini nimelipa, nimeirudisha nyumba kwenye kampuni yenye bei ya usiku, fundi mwingine amekuja akaunga hita inavyotakiwa, na huyo chai alimaliza. Asubuhi ya kwanza niliamka kabla hakujapambazuka, nikaenda kupapasa ubavu wa ile ya sebuleni. Ilikuwa imeshiba. Nilisimama hapo na kiganja juu yake mpaka Menna akaja.

Wiki ijayo narudi Adelaide. Hita nitazizima, nyumba itabaki tupu, haitatumia hata yuniti moja. Itabaki tozo ya kila siku tu. Ile niliyokwambia kwamba mtu analipa hata akilala gizani.

Nimetoa taarifa kila mahali. Benki, kwa daktari, kanisani. Maktaba nilikwenda mwenyewe, yule dada mwenye nywele nyingi alilia. Umeme nimewaacha. Kwenye kampuni hii mpya niliandikisha nyumba kwa jina lako, na nitalipa tozo hiyo kutoka kule maadamu nina pumzi. Bili zitakapokuja Menna atanitumia. Nimemwambia azifungie soksi.

Ya kwanza imeanguka mlangoni leo asubuhi. Bibi Enid Pugh. Nimeiweka kwenye kiti chako. Nitaifungua jioni.

Mdogo wako,
Gwil